Jinsi ya Kuendesha Tiba ya Kikundi kwa Wanawake Wanaoongoza Kaya

Mwanamke anayeongoza kaya huwa wa mwisho kuulizwa hali yake. Kodi ya nyumba inadaiwa kwake, shule humwita yeye mtoto anapokosea, mzazi aliyezeeka humsubiri yeye ampeleke hospitali, na ndugu wakipatwa na shida wanajua mlango wa kubisha. Awe mjane, awe ametalikiwa, awe hajaolewa, au awe na mume aliye mbali au aliye kitandani asiyejiweza, maamuzi na lawama vyote humwangukia yeye. Sonona inapomwingia mtu wa namna hii hujificha nyuma ya kazi zake: anaamka alfajiri, anatimiza kila lililo mbele yake, majirani wanamsifu kwa ujasiri, ilhali usingizi umemkimbia kwa miezi mingi na hakuna jambo linalomfurahisha tena. Wasiwasi nao huonekana kama uangalifu wa kawaida wa mtu mwenye majukumu, hadi siku moyo unapomwenda mbio na kifua kumbana akadhani anakufa.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wanasihi, wauguzi, maofisa wa ustawi wa jamii na watu wa kujitolea waliopata mafunzo ya unasihi, ambao wanataka kuanzisha tiba ya kikundi kwa wanawake hawa. Msingi wake ni mmoja: kwa saa moja na nusu kila wiki, mwanamke aliyezoea kuegemewa apate mahali ambapo yeye ndiye anayeegemea. Uamuzi wowote kuhusu mahali, saa, idadi ya washiriki au maneno ya mwezeshaji upimwe kwa kigezo hicho.

Tiba yenyewe na ushahidi wake

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, sonona huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume kwa takriban asilimia 50. Tiba ya mazungumzo ni miongoni mwa matibabu yake makuu, na haihitaji daktari bingwa kuwepo katika kila kikao. Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika vijiji 30 vya wilaya za Rakai na Masaka nchini Uganda. Watu wa maeneo hayohayo, wasio na taaluma ya afya ya akili, walifunzwa kwa wiki mbili kisha wakaendesha vikundi vya tiba ya mahusiano (tiba ya mazungumzo inayoshughulikia matukio ya maisha na uhusiano wa mtu na wengine), vya wanawake peke yao na vya wanaume peke yao, dakika 90 kila wiki kwa wiki 16. Mwishoni, waliokuwa bado na sonona ya kiwango cha ugonjwa katika vijiji vilivyopata tiba walikuwa asilimia 6.5, na katika vijiji ambavyo havikuipata walikuwa asilimia 54.7. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa tiba hiyo ukiwa umefupishwa hadi vikao vinane vya kikundi, vinavyotanguliwa na mazungumzo ya faragha na kila mshiriki. Mpangilio wa vikao vinane ndio unaofuatwa hapa, pamoja na mbinu chache za kukabili wasiwasi.

Mazungumzo ya awali na kila mshiriki

Kabla ya kikao cha kwanza, kutana faraghani na kila mwanamke, na utenge muda wa kutosha. Tumia madodoso mawili. La PHQ-9 lina maswali tisa kuhusu dalili za sonona katika wiki mbili zilizopita, na jumla ya alama zake huanzia 0 hadi 27. La GAD-7 lina maswali saba kuhusu wasiwasi, na jumla yake huishia 21. Alama 10 au zaidi katika lolote kati ya haya mawili zinatosha kumfanyia tathmini ya kina. Anayefikisha 20 katika PHQ-9 ana dalili za sonona kali na anapaswa kuonwa na mtaalamu wa tiba, hata kama ataingia kwenye kikundi. Msomee maswali hayo kwa sauti, kisha mwache aeleze kwa maneno yake mwenyewe. Wengi hawasemi kwamba wana huzuni. Watasema kichwa kinawaka moto, mwili hauna nguvu, mawazo hayawaishi, au kwamba wanawafokea watoto kwa jambo dogo kisha wanajuta usiku kucha. Yaandike maneno hayo kama yalivyotamkwa, kwa kuwa wiki za mbele yatakuonyesha kama mtu anapata nafuu kwa uwazi kuliko alama za dodoso.

Swali la tisa la PHQ-9 linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru, nalo ndilo ambalo wawezeshaji wapya hupenda kulipita mbio. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo la kujiua. Uliza waziwazi, kwa sauti ileile uliyotumia katika maswali mengine: "Mama, wakati mwingine mtu akielemewa sana huwaza kwamba heri afe. Wewe umewahi kuwaza hivyo siku hizi?" Akikubali, usibadilishe mazungumzo. Muulize kama amefikiria njia, kama anacho kitu alichokusudia kutumia, kama amewahi kujaribu, na nini kilimzuia. Mara nyingi atajibu kwamba ni watoto. Jibu hilo lina uzito, lakini lisikutulize upesi, kwa sababu mama aliyezama sana katika sonona anaweza kufika mahali pa kuamini kwamba watoto wake watakuwa na nafuu yeye asipokuwepo. Mwenye nia na mpango asiachwe peke yake hata kwa muda mfupi. Afikishwe kwa mtaalamu siku hiyohiyo, vitu vya hatari viondolewe karibu naye, na mtu mzima anayemwamini akae naye.

Wapo wanaohitaji matibabu mengine kwanza: anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, aliye katika kipindi cha kuchangamka kupita kiasi bila kuhitaji usingizi, na anayetumia pombe au dawa za kulevya kiasi cha kushindwa kutulia kikaoni. Uchovu wa muda mrefu unaweza pia kutokana na upungufu wa damu au matatizo ya tezi ya thairoidi, hivyo ni vyema apimwe. Aliye tayari kwenye dawa za sonona aendelee nazo sambamba na kikundi. Dawa hizo huchukua wiki kadhaa kuonyesha matokeo, na hazikatizwi ghafla bila ushauri wa aliyeziandika.

Malizieni mazungumzo hayo kwa kutafuta chanzo. Tiba ya mahusiano hutazama maeneo manne ambamo sonona huanzia au hupata nguvu: msiba, ugomvi na mtu wa karibu, mabadiliko makubwa ya maisha, na upweke. Chagueni pamoja eneo moja, yasizidi mawili, ambalo mshiriki atalifanyia kazi. Mwanamke anayeongoza kaya anaweza kuwa na yote manne kwa pamoja, na kishawishi cha kuyashika yote ni kikubwa, lakini vikao vinane havitoshi kwa hilo. Muulize dalili zilipoanza kuzidi kulikuwa kumetokea nini, na jibu la swali hilo ndilo liongoze uchaguzi.

Mahali, saa na watoto

Wanawake kati ya 6 na 10 ni idadi ya kufaa: wakipungua sana, siku wawili wasipofika kikao hupwaya, na wakizidi, walio kimya hupata pa kujificha. Kikundi kikishaanza kisipokee mtu mpya. Chumba kiwe na mlango unaofungwa na kuta zisizopitisha sauti, na kisiwe mahali ambapo kila anayepita atajua wanaoingia wamefuata nini. Jina la kikundi lisitaje ugonjwa.

Kuhusu saa, usipange peke yako kisha ukawatangazia. Katika mazungumzo ya awali, mwombe kila mmoja akueleze siku yake tangu anapoamka hadi anapolala, na hapo utaona pengo liko wapi. Anayelipwa kwa siku hawezi kupoteza nusu siku ya kazi kila wiki, na kikao kinachomnyima chakula cha watoto wake kinamwongezea wasiwasi uleule unaotaka kuutibu.

Suala la watoto ndilo ninalolisisitiza kuliko mengine yote ya maandalizi. Mtoto mchanga anayenyonya anaweza kukaa na mama yake. Mtoto anayeelewa mazungumzo asiwepo. Mama anayelia mbele ya mtoto wake wa miaka sita hukatiza kilio ili ambembeleze mtoto, na hapohapo amerudi kazini. Tafuta chumba cha pili na mtu mzima anayeaminika wa kuwaangalia watoto, mtu ambaye kazi yake ni hiyo tu, wala si mmoja wa washiriki kwa zamu. Ikiwa uwezo wa kifedha ni mdogo na lazima uchague kati ya kununua vifaa vya mafunzo na kumlipa mtu huyo, mlipe mtu huyo.

Lipo jambo jingine ambalo huanza kwa nia njema: kugeuza kikundi cha tiba kuwa kikundi cha kuweka na kukopa. Washiriki wenyewe wanaweza kulipendekeza, kwa sababu uhitaji wao wa fedha ni wa kweli. Ombeni lisubiri hadi vikao viishe. Mwanamke anayedaiwa na mwenzake aliyeketi mbele yake hatasema tena kwamba wiki hii ameshindwa hata kutoka kitandani.

Kikao cha kwanza

Kikao hiki kina kazi mbili. Ya kwanza ni kuwaeleza kwamba sonona na wasiwasi ni magonjwa, kwamba yanatibika, na kwamba hayakutokana na uvivu, udhaifu wa imani wala malezi mabaya. Mweleze kila mmoja kwamba kwa majuma haya yeye ni mgonjwa aliye katika matibabu, na kama mgonjwa mwingine yeyote anaruhusiwa kupunguza majukumu. Wapeni nafasi ya kutaja, mmoja baada ya mwingine, jukumu moja dogo linaloweza kupokewa na mtu mwingine nyumbani hadi wiki ijayo. Wengi watasema hakuna. Usibishane nao, uliza tu kila wiki, na jibu litaanza kubadilika.

Kazi ya pili ni siri. Makubaliano ya jumla kwamba yasemwayo hapa yabaki hapa hayatoshi, kwa kuwa hatari huja katika mazingira ya kawaida kabisa. Wakubaliane watafanya nini wakikutana njiani wakiwa na watu wengine, watajibu nini wakiulizwa nyumbani walikuwa wapi, na kama mtu anaweza kumweleza dada yake habari za kikao bila kutaja jina (jibu ni hapana, kwa sababu habari yenyewe humtambulisha mwenyewe). Mwezeshaji naye aseme mipaka ya siri yake mapema: mtu akiwa katika hatari ya kujiua, au mtoto akiwa katika hatari ya kudhuriwa, atalazimika kutafuta msaada nje ya kikundi, na atamjulisha mhusika kabla ya kufanya hivyo.

Vikao vya katikati

Kuanzia kikao cha pili, anza kila mara kwa swali lilelile: hali ya moyo ilikuwaje wiki hii, na kulitokea nini kilichoiinua au kuishusha. Swali linaonekana dogo, lakini ndilo uti wa mgongo wa tiba hii. Mwanamke anayedhani kwamba huzuni humjia tu bila mpangilio huanza kuona kuwa ilizidi Jumanne jioni baada ya simu ya baba wa watoto wake, na ikapungua Ijumaa alipotembelewa na rafiki. Akishaona hivyo, anayo sehemu ya kushika. Kisha wapewe muda mrefu mmoja au wawili wenye jambo zito siku hiyo, wenzao wakisikiliza, wakiuliza na kueleza waliyoyapitia wenyewe. Kabla ya kuondoka, kila mmoja ataje hatua moja ndogo atakayojaribu wiki inayofuata.

Katika kikundi cha aina hii hutakosa mshiriki anayefika mapema akapanga viti, anayewafuta wenzake machozi, na ambaye zamu yake ikifika husema, "Mimi sijambo, tumsikilize mwenzetu." Wawezeshaji humpenda kwa sababu anawarahisishia kazi, na kwa hivyo anaweza kumaliza vikao vyote bila kutibiwa. Ifikapo wiki ya tatu, mwambie kwa upole, mbele ya wenzake: "Dada, kila wiki unatupangia viti na kutufariji. Leo tunaomba ukae, sisi ndio tukusikilize." Kisha nyamaza. Ukimya huo utakuwa mzito, na kila mtu atatamani kuujaza, usiujaze. Huenda akaanza kwa kusema hana la kusema, halafu akaeleza kwamba hajalala tangu ndugu wa marehemu mume wake walipokuja kuulizia hati ya nyumba. Usikimbilie ushauri wa kisheria papo hapo, ingawa atauhitaji na utamwelekeza pa kuupata. Waulize wengine, "Nani kati yenu amewahi kupita hapo?" Mikono itakayoinuka itamfanyia jambo ambalo maneno yako hayawezi.

Mabadiliko ya maisha yanastahili uangalifu wa pekee, kwa sababu kuwa mkuu wa kaya kwenyewe ni mabadiliko, hata kwa aliyeyachagua. Mwongoze mshiriki ataje alichopoteza, kisha mabaya ya maisha yale ya zamani ambayo hayatamani tena, kisha ugumu wa sasa, na mwisho kitu ambacho sasa anaweza kufanya na zamani hakuweza. Mpangilio huu usigeuzwe. Aliyetakiwa kutaja faida za hali yake mpya kabla ya kuruhusiwa kuomboleza atakubali kwa mdomo tu. Mjane aliyeteswa katika ndoa huweza kubeba huzuni na afueni kwa wakati mmoja, na aibu ya ile afueni ndiyo inayomnyamazisha; mwezeshaji akisema kwamba hisia hizo mbili huweza kukaa pamoja, mtu huyo hufunguka.

Kwa ugomvi, igizeni mazungumzo magumu kabla hayajafanyika. Mmoja awe mhusika, mwingine awe kaka asiyesaidia kumtunza mama yao, na kikundi kipendekeze maneno ya kuombea msaada bila kulaumu. Lakini ikiwa upande wa pili ni mtu mwenye kupiga au kutishia, zoezi hilo liachwe. Hapo kinachotangulia ni usalama wa mshiriki: kuongea na mshiriki huyo faraghani, kumwamini, kupanga pamoja naye pa kwenda hali ikibadilika na nani wa kupigiwa simu. Usimshawishi arudi wala aondoke, na usijaribu kuwapatanisha.

Wasiwasi unaotokana na shida za kweli

Mbinu nyingi za kutibu wasiwasi humfundisha mtu kuchunguza kama hofu yake inazidi hali halisi. Kwa mwanamke asiyejua kodi ya mwezi ujao itatoka wapi, mbinu hiyo ikitumiwa ovyo humdhalilisha, kwa kuwa hofu yake ina msingi. Mwombe badala yake aorodheshe yanayomkesha, kisha ayagawe katika mafungu matatu: yanayoweza kutatuliwa kwa kiasi fulani, yasiyo katika uwezo wake, na yasiyo na uzito mkubwa. Achague moja la fungu la kwanza. Kikundi kitaje njia zote zinazowezekana bila kuzikosoa, yeye achague ile inayofaa, na aivunje katika hatua ndogo kiasi kwamba ya kwanza inaweza kufanyika kesho. Kumwomba mwenye nyumba kulipa kwa awamu, kwa mfano, kunaanza kwa kuandika kiasi anachoweza kulipa na tarehe. Yale ya fungu la pili hayataondoka, na ndiyo yanayohitaji kusemwa mbele ya watu wanaoelewa.

Mwili nao ufundishwe kutulia. Kila kikao kimalizike kwa dakika chache za kupumua polepole: mkono juu ya tumbo, kuvuta pumzi kwa hesabu ya tatu na kuitoa kwa hesabu ya tatu, mabega yakiwa yamelegea. Waeleze kwamba moyo kwenda mbio na mikono kufa ganzi wakati wa hofu kali havimuui mtu, na kwamba hali hiyo hufika kilele kisha hushuka. Maumivu ya kifua yanayomjia mtu kwa mara ya kwanza, hata hivyo, yachunguzwe hospitali. Wafanye zoezi hilo nyumbani wakiwa wametulia, ili mwili uwe umelizoea siku watakapolihitaji. Pamoja na hilo, kila mmoja arudishe shughuli moja aliyoiacha tangu alipougua, ifanywe kwa siku na saa maalumu bila kusubiri hamu. Hamu hufuata baadaye.

Mwezeshaji

Kikundi huharibika kwa mahubiri na ushauri mwingi. Mwanamke huyu ameambiwa avumilie kwa miaka mingi, na akilisikia hilo tena kwako hatarudi. Sala na imani ya mshiriki ziheshimiwe anapozitaja mwenyewe kama nguzo yake, lakini mwezeshaji asizitumie kufunga mazungumzo. Anayezungumza mno akatizwe kwa heshima na kuahidiwa muda. Asiyefika afuatiliwe siku hiyohiyo kwa njia aliyoikubali mapema, kwa kuwa kutofika ni dalili mojawapo ya ugonjwa. Wewe mwenyewe uwe na msimamizi mwenye uzoefu unayekutana naye kila wiki. Habari hizi ni nzito, na asiyekuwa na pa kuzipeleka huanza kuzisikiliza nusunusu.

Kupima na kuhitimisha

Rudia PHQ-9 na GAD-7 katika kikao cha nne na cha mwisho. Kushuka kwa alama tano katika PHQ-9 ni badiliko la maana, na chini ya tano kwa jumla huhesabiwa kuwa dalili zimekwisha. Ambaye hajasogea kufikia katikati apelekwe kwa mtaalamu wakati huo, bila kumtoa kwenye kikundi.

Mwisho wa vikao utangazwe tangu mwanzo na ukumbushwe kikao cha sita, kwa sababu kwa wanawake waliokwisha kufiwa au kuachwa, kuagana hufukua mengi. Dalili zinaweza kupanda kidogo wiki hizo, na waelezwe kwamba ni kawaida. Takriban nusu ya watu waliowahi kuugua sonona mara moja huipata tena, hivyo kila mmoja aandike dalili zake mwenyewe za mwanzo, awe amezitambua kwa maneno yaleyale aliyoyatumia siku ya mazungumzo ya awali, na ataje watu wawili watakaomwambia wakiziona. Wakitaka kuendelea kukutana bila mwezeshaji, wasaidie kupanga siku na mahali. Baada ya miezi mitatu, onana na kila mmoja na upime tena. Anayeonyesha dalili za kurudi nyuma apewe mazungumzo ya ana kwa ana wiki hiyohiyo, na akihitaji zaidi, aingie katika kikundi kijacho tangu kikao cha kwanza.